Maziwa mamoja, namba nne za leza: ipi ya kuamini?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi wa maabara kwenye kiwanda kidogo cha maziwa cha ushirika hapa Tukuyu. Tumepewa mashine iliyokwisha kutumika, ya kupima ukubwa wa chembe kwa leza nyekundu. Inasoma mwanga unaorudi nyuma, pembe ya digrii 173. Sehemu yake ya kutunza joto imekufa, kwa hiyo inafanya kazi kwa joto la chumba, na kwenye programu tumeacha nyuzi joto 25 kama tulivyoikuta. Nikiweka maziwa yaliyopita kwenye homojenaiza (mashine ya kuvunja matone ya mafuta yawe madogo) bila kuyazimua, inakataa kabisa. Nikiyazimua kwa maji mara 100 napata nanomita 210. Mara 1,000 napata 290. Mara 10,000 inarukaruka kati ya 260 na 400. Halafu sampuli ileile ya mara 1,000, nikiipima asubuhi, inanipa 380. Ipi ni ya kweli? Na hakuna namna ya kupima maziwa kama yalivyo? Maana mteja wetu hanywi maziwa yaliyozimuliwa mara elfu. Meneja anataka namba ya kuandika kwenye taarifa ya mnunuzi."

Marahaba. Ugonile!

Nimefurahi kuona umeandika namba zote, hata zile zilizokukera. Wengi huandika moja wanayoipenda na kufuta nyingine, kisha wananiomba niwaambie mashine ina ugonjwa gani. Namba zako nne zinatosha kueleza karibu kila kilichotokea. Iliyo karibu na ukweli ni 290 ya mchana. Ile 210 imeshushwa na mwanga uliogonga chembe mara nyingi kabla ya kutoka. Ile 380 imepandishwa na baridi. Ile inayorukaruka imekosa chembe za kutosha kuisemea. Na ndiyo, maziwa yanaweza kupimwa bila kuzimuliwa, ila si kwa kuilazimisha mashine hiyo, na namba itakayotoka haitakuwa na maana ileile.

Tuanze na ukungu, maana wewe unaujua kuliko mimi. Dereva anayetoka Uyole kuja kwenu, akifika Isyonje ukungu umeshuka, hawashi taa kubwa. Akiwasha, anaona ukuta mweupe mbele ya kioo. Mwanga umetoka kwenye taa, umegonga tone moja, ukapelekwa kwenye tone la pili, la tatu, la kumi, na mwingi wake ukarudi machoni pake. Aliyesimama barabarani hata kama yuko hatua thelathini tu haonekani, kwa sababu mwanga unaorudi umekwisha kusahau ulikotoka. Sasa ukungu mwembamba wa asubuhi, ule ambao jua linaupenya na unaona mstari wa mwanga kati ya migomba, ni kitu kingine. Pale kila mwali uliofika jichoni umegonga tone mara moja tu, basi. Matone ni yaleyale, na ukubwa ni uleule. Kilichobadilika ni mara ngapi mwanga umegonga.

Hilo ndilo swali ninalotaka ujiulize kila unapofunga mfuniko wa mashine: mwanga huu utagonga chembe mara ngapi kabla ya kufika kwenye kihisi? Nadharia nyingi zilizomo ndani ya programu yako zinadhani jibu ni mara moja. Rayleigh alipoeleza mwaka 1871 kwa nini anga ni la buluu, na Gustav Mie alipotoa hesabu kamili ya tufe moja kwenye mwanga mwaka 1908, wote walishughulika na chembe iliyo peke yake. Maziwa hayana chembe iliyo peke yake. Ndiyo maana ni meupe: mafuta hayana rangi nyeupe, kaseini, yaani protini kuu ya maziwa, haina rangi nyeupe, maji ndiyo kabisa. Weupe ni mwanga uliopotea njia na kurudi ukiwa na rangi zake zote.

Tupige hesabu ya haraka. Ndani ya maziwa yenye mafuta yake yote, mwanga mwekundu husafiri maikromita makumi machache tu kabla ya kugonga kitu. Tuseme 40. Kichupa chako cha kupimia kina upana wa milimita 10. Usipozimua, mwanga haufiki hata katikati ya kichupa bila kugonga mamia ya chembe, na mashine inafanya vizuri kukataa. Ukizimua mara 100, nafasi kati ya mgongano mmoja na mwingine inakuwa kama milimita 4. Bado ni fupi kuliko kichupa, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwanga inagonga mara mbili au tatu. Ukizimua mara 1,000 nafasi hiyo inafika milimita 40, na sasa mwali mwingi unapita bila kugusa chochote, na ule unaogonga unagonga mara moja. Hapo ndipo hesabu ya programu na hali halisi ndani ya kichupa zinapokutana.

Kwa nini kugonga mara nyingi kunashusha namba badala ya kuipandisha? Mashine yako haitazami chembe. Inatazama jinsi mwanga unavyometameta. Chembe ndogo ndani ya maji hazitulii. Zinasukumwa huku na kule na molekuli za maji, mwendo ambao Robert Brown aliuona chini ya hadubini mwaka 1827 na Einstein akaufungia hesabu mwaka 1905. Chembe ndogo hutikisika haraka, kubwa hutikisika polepole. Kwa chembe ya nanomita 290 ndani ya maji ya nyuzi joto 25, ikitazamwa kwa pembe yako na leza nyekundu, mmetameto mmoja hudumu chini kidogo ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mashine inapima muda huo, kisha inaugeuza kuwa ukubwa. Sasa mwanga uliogonga chembe tatu umebeba mtikisiko wa zote tatu. Unabadilika haraka zaidi. Mashine haijui hilo, inadhani imekutana na chembe moja yenye haraka, yaani ndogo. Ndiyo 210 yako.

Asubuhi ni habari nyingine. Sijawahi kuingia kwenye maabara yenu, lakini nakisia kwamba siku ile ilipotoka 380, kipimajoto cha ukutani kilikuwa karibu na nyuzi joto 15. Mnato wa maji kwa nyuzi 25 ni milipaskali sekunde 0.89. Kwa nyuzi 15 ni 1.14. Maji yamekuwa mazito kwa zaidi ya robo, chembe zinatembea kwa shida, na juu ya hapo msukumo wenyewe wa joto umepungua kidogo. Ukiweka yote mawili pamoja, chembe ya 290 itatikisika kama chembe kubwa zaidi kwa asilimia 32. Mara 290, unapata 383. Umeniandikia 380. Si lazima sampuli yako iwe imebadilika usiku. Programu ndiyo iliyokuwa inaamini iko Dar es Salaam mchana wakati iko Tukuyu alfajiri.

Naliongea hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu liliwahi kunipata. Nilipokuwa kijana kwenye maabara moja nyanda hizihizi, tulikataa shehena ya rangi ya maji kwa mzalishaji mdogo tukidai chembe zake zimekua zikiwa njiani. Ilikuwa Julai. Kichupa kilitoka kwenye chumba cha baridi, nikakiweka kwenye mashine papo hapo, dakika moja baadaye nikaandika namba. Yule mzee alipata hasara ya kweli. Wiki mbili baadaye nilirudia kipimo kwa sababu nyingine kabisa, nikiwa nimesubiri robo saa, na rangi ikawa nzima. Tangu hapo siandiki ukubwa wowote bila kuandika joto pembeni yake.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta fundi wa kutengeneza sehemu ya joto, fanya hivi: chovya kipimajoto chembamba kwenye kichupa pacha chenye maji, kiache ndani ya mashine robo saa, na uandike kwenye programu joto lile unalolisoma. Hakikisha programu inabadilisha na mnato pia. Zipo zinazobadilisha joto na kuacha mnato ulivyokuwa, na hapo umetibu kidonda nusu.

Sasa hiyo mara 1,000. Usiiamini kwa sababu mimi nimeikubali. Ithibitishe. Andaa mara 200, mara 500, mara 1,000, mara 2,000 na mara 5,000, zote kwa joto moja, na kila moja uipime mara tatu. Chora namba kwenye karatasi. Utaona mstari unapanda kutoka kushoto, kisha unalala, kisha mwishoni unaanza kutapatapa. Pale ulipolala ndipo pa kufanyia kazi. Usipolala popote, kuna jambo jingine, na mara nyingi jambo hilo ni vumbi. Kwenye mara 10,000 chembe zako ni chache kiasi kwamba punje moja ya vumbi ikikatiza mbele ya leza inasikika kuliko zote, kwa sababu chembe ndogo hutawanya mwanga kwa kipeo cha sita cha upana wake. Chembe ya nanomita 100 ikiwa mara mbili kwa upana inatawanya mara 64. Kwa chembe kubwa kanuni hiyo inalegea, lakini sauti ya wakubwa inabaki ileile. Chuja maji yako kwa chujio la maikromita 0.2, na uoshe kichupa kwa maji hayohayo, si ya bomba.

Hapo hapo kwenye maji kuna mtego mwingine. Maji matupu si nyumbani kwa kaseini. Vifundo vya kaseini, hivi vya nanomita 50 hadi mia kadhaa, vinashikiliwa na kalsiamu na fosfati, na chumvi hizo ziko pia kwenye majimaji ya maziwa yanayovizunguka. Ukimimina maziwa kwenye maji mara elfu, kalsiamu inaanza kutoka ndani ya vifundo kwenda nje, na vinalegea polepole. Ukipima ndani ya dakika chache, hasara ni ndogo. Ukiacha kichupa mezani ukaenda kunywa chai, ukirudi unapima kitu kingine. Bora uzimue kwa maji yenye kalsiamu kidogo na pH karibu na ile ya maziwa, au kwa majimaji ya maziwa yaliyopitishwa kwenye utando mwembamba unaozuia kaseini. Naomba usifikirie kutumia whei, yale majimaji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini, kwa kuwa ipo na ni ya bure. Whei ya renneti bado ina renneti, kimeng'enya cha kugandishia jibini, na ile ya siki au ya mtindi ina asidi. Zote mbili zitagandisha hicho unachotaka kukipima.

Haya, tuchukulie umepata 290 iliyotulia, joto sahihi, maji safi. Hiyo 290 ni ya nini?

Hapa ndipo ningependa ukae na mimi kidogo, kwa sababu ndipo fedha ya kiwanda chenu ilipo. Ndani ya kichupa kuna makundi mawili: matone ya mafuta na vifundo vya kaseini. Homojenaiza inavunja mafuta. Kaseini haiigusi sana, isipokuwa kuibandika juu ya matone mapya, kwa sababu ngozi ya zamani ya tone haitoshi tena kufunika matone mengi madogo. Namba uliyopata ni wastani wa makundi yote mawili, uliopimwa kwa nguvu ya mwanga. Homojenaiza yenu ikichoka, vali yake ikalika, shinikizo likashuka, matone ya mafuta yatakua, lakini kaseini itaendelea kukaa palepale ikivuta wastani chini. Unaweza kuona 290 ikawa 310 na ukapuuza, kumbe mafuta yamekua vibaya.

Dawa yake ni EDTA. Ni unga mweupe unaoshika kalsiamu kwa nguvu, na si adimu: maabara za maji huutumia kila siku kupima ugumu wa maji, kwa hiyo Mbeya mjini hukosi pa kuuulizia. Yeyusha kwenye maji, rekebisha pH ifike 7 au zaidi kidogo, tumia mchanganyiko huo kuzimua maziwa badala ya maji. EDTA inanyang'anya kaseini kalsiamu yake na vifundo vinasambaratika kuwa vipande vidogo mno ambavyo mwanga hauvijali. Kinachobaki ni mafuta. Jaribu kwanza kwenye maziwa yaliyoondolewa krimu, uone kwa macho yako: glasi iliyokuwa nyeupe inakuwa kama maji ya mchele yaliyotulia, unaweza karibu kusoma kupitia. Mimi nimelifanya mbele ya wanafunzi mara nyingi na bado hunishangaza, kwamba weupe wote ule ulikuwa unashikiliwa na kalsiamu.

Kwa hiyo pima mara mbili kila siku: mara moja bila EDTA, mara moja nayo. Ya pili ndiyo inayoisema homojenaiza. Na kama ukitaka kwenda mbali zaidi, ongeza sabuni ya maabara aina ya SDS kwenye EDTA. Ikiwa ukubwa unashuka sana baada ya sabuni, ujue matone hayakuwa makubwa, yalikuwa yameshikana vishada. Hilo hutokea mafuta yanapokuwa mengi na kaseini ya kuyafunika ni chache, kama kwenye krimu. Tiba ya vishada ni hatua ya pili ya homojenaiza yenye shinikizo dogo, wakati tiba ya matone makubwa ni vali au shinikizo la hatua ya kwanza. Namba moja isiyotenganisha mambo hayo inaweza kukufanya ununue spea usiyoihitaji.

Neno moja juu ya umbo, kwa sababu siku moja utaulizwa kupima kitu kisicho maziwa. Mashine yako inadhani kila chembe ni tufe. Matone ya mafuta ni matufe kwelikweli, una bahati. Ungeniletea udongo kutoka kule Ikombe, ule akina mama wa Kikisi wanaofinyangia vyungu, chembe zake ni bapa kama magamba. Leza ingekupa namba moja, kipimo cha kuziacha zizame majini kingekupa nyingine, na zote zingekuwa sahihi, kila moja kwa swali lake.

Maziwa mabichi usiyapeleke kwenye mashine hii kabisa. Matone yake ya mafuta yana wastani wa maikromita 3 hadi 4, na hayatulii: tone la maikromita 3 hupanda juu kwa zaidi kidogo ya milimita moja kwa saa, wakati lile la nusu maikromita halimalizi milimita moja kwa siku nzima. Tofauti hiyo ndiyo sababu ya kuwa na homojenaiza. Tena kwa baridi ya huko kwenu hali inazidi, kwa sababu maziwa mabichi ya ng'ombe yana protini ambayo, yakipoa, hugandamanisha matone ya mafuta kuwa mafungu, na mafungu hupanda haraka mno. Ndiyo maana ndoo iliyolala nje Rungwe inaamka na krimu nene. Kwa maziwa hayo, yapashe hadi nyuzi joto 40 taratibu, yapindue mara kumi bila kuyatikisa, zimua, weka tone chini ya hadubini yenye rula ya jichoni. Hesabu matone mia mbili. Ni kazi ya nusu saa na haina usiri wowote ndani yake.

Nirudi kwenye swali lako la pili, lile la kupima bila kuzimua, ambalo ni zuri na lina uzito wake. Umesema mteja hanywi maziwa yaliyozimuliwa. Kweli. Kuzimua kunaweza kuvunja vishada, kulegeza kaseini, kufuta kile hasa ulichotaka kukijua. Watu wamelihangaikia hilo kwa miaka mingi, na wamelitatua kwa njia mbili zinazopingana.

Njia ya kwanza ni kuendelea kutafuta ule mwanga uliogonga mara moja, hata ndani ya mchanganyiko mzito. Unatumia kichupa chembamba sana, au unasogeza kitovu cha leza hadi karibu kabisa na ukuta wa kioo, ili mwanga uingie hatua fupi na kutoka kabla haujapotea. Mashine zinazosoma nyuma kwa digrii 173 zilibuniwa kwa wazo hilo, na huenda yako ina uwezo wa kusogeza kitovu. Angalia kwenye programu kama kuna sehemu ya nafasi ya kipimo, na kama imefungwa katikati, ifungue ijichagulie. Hapo hata mara 100 yako itasogea juu kuelekea 290. Zipo pia mashine zinazorusha miale miwili kwa wakati mmoja sehemu moja, kisha zinalinganisha kihisi kimoja na kingine: mwanga uliogonga mara moja unafanana kwenye vihisi vyote viwili, uliogonga mara nyingi haufanani, na kwa kulinganisha unautupa. Ni ufundi wa kupendeza. Lakini hakuna kati ya hizo inayofika kwenye maziwa yenye mafuta yake yote kwa kichupa cha kawaida.

Njia ya pili ni kukubali kushindwa na kuugeuza kuwa faida. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wanafizikia walisema: ikiwa mwanga umegonga mara nyingi mno, basi tusihesabu mgongano mmoja mmoja, tuuchukulie kama moshi unaoenea. Kwenye maziwa yenu, mwanga husahau kabisa mwelekeo wake baada ya sehemu ya milimita, theluthi moja hivi. Umbali huu ni mrefu kuliko zile maikromita 40, kwa sababu matone makubwa husukuma mwanga mbele na inahitajika migongano mingi kuugeuza. Maziwa yenye unene wa milimita 5 basi ni safari ya hatua karibu 200 za kupotea njia. Kila hatua inaongeza mtikisiko wake, kwa hiyo mmetameto unakuwa wa haraka mno, na chembe hazihitaji kusogea zaidi ya nanomita chache ili uonekane. Kipimo kinakuwa kikali kuliko kile cha chembe iliyo peke yake.

Lakini gharama yake ni hii: hapo hupimi chembe tena, unapima umati. Kwenye maziwa, kaseini iliyovimba kwa maji inachukua karibu sehemu moja ya kumi ya ujazo, na mafuta yanaongeza asilimia tatu au nne. Kila chembe inayotaka kusogea inasukuma maji yanayosukuma jirani yake, na mwendo wake unapungua kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Usiporekebisha, utaripoti chembe kubwa kuliko zilivyo. Na ili urekebishe inabidi ujue tayari ni kiasi gani cha chembe, na mwanga unasahau njia baada ya umbali gani, ambao nao unategemea ukubwa wa chembe. Unazunguka mle mle. Kwa hiyo mimi nashauri kipimo kisichozimuliwa kitumike kulinganisha, leo na jana, tangi hili na lile, na si kutoa nanomita za kujivunia.

Kwa kulinganisha, hakina mfano. Unaweza kukionja bila mashine. Chukua tochi ya leza nyekundu ya wafundishaji, ifunge isitikisike, ielekeze kwenye bakuli la maziwa, na piga picha kwa simu gizani, umbali uleule kila siku. Usiangalie leza yenyewe wala mng'ao wake kwenye kioo. Utaona duara la mwanga kuzunguka nukta. Maziwa yaliyovunjwa vizuri yana duara dogo lenye kingo kali, kwa sababu mwanga hauendi mbali. Yaliyoondolewa krimu yana duara pana. Kisha fanya hivyohivyo kwenye mtindi unaoganda. Mwanzoni duara ni laini, kwa sababu punjepunje za mwanga zinachemka haraka kuliko jicho. Mtindi ukishika, punje zinajitokeza, zinatulia kama mchanga. Hapo mwanga umekuambia saa ya kuganda bila wewe kuchovya kijiko na kuvunja bonge.

Kuhusu meneja. Usimpe 290 peke yake. Mpe sentensi nzima: ukubwa wa wastani kwa mtawanyiko wa mwanga, pembe ya digrii 173, umezimuliwa mara 1,000, joto fulani, bila EDTA, na mstari wa pili ulio na EDTA. Kama mnunuzi ana maabara yake, atataka kujua pia kama umefuata ISO 22412, ambacho ndicho kiwango cha kipimo cha aina hii. Kile cha ISO 13320 ni cha mashine za aina nyingine, zinazosoma umbo la mwanga kwa pembe nyingi badala ya mmetameto, na namba zake hazilingani na zako hata kwa maziwa ya ndoo moja, kwa sababu zile huhesabu kwa ujazo na yako inahesabu kwa mwanga. Akikuletea namba kubwa kuliko yako, muulize kwanza mashine yake ni ya aina gani, kabla hamjaanza kulaumiana kuhusu maziwa.

Ukishachora ule mstari wa mara 200 hadi mara 5,000, nitumie na uandike joto la kila nukta. Nataka kuona unalala wapi.